Nyota Niliyoisoma Vibaya: Ushauri kwa Anayeanza Kusoma Karata Kuu za Taroti

Wiki iliyopita nilipokea ujumbe wa msomaji aliyekuwa amepata karata zake za kwanza za taroti, zile karata za michoro ambazo watu huzitumia kupiga ramli. Alizichanga, akatoa moja, ikatoka Kifo. Mama yake alikuwa mgonjwa siku hizo, na tangu usiku huo usingizi ulimpaa. Aliniuliza maswali mawili: "Dada, karata hii inamaanisha kwamba mama atafariki? Na kama sivyo, inamaanisha nini?" Lile la kwanza nilimjibu papo hapo, kwa neno moja, kwa kuwa hakuna karata yenye mamlaka juu ya uhai wa mtu, na mwenye hofu ya namna hiyo hastahili kusubirishwa maelezo marefu. La pili ndilo lililonikalisha niandike makala haya, kwa sababu niliwahi kulijibu vibaya miaka kadhaa iliyopita, na aliyebeba gharama ya kosa langu alikuwa mtu mwingine.

Nilijifunza taroti jinsi wengi wetu tunavyojifunza, yaani kwa kukariri. Seti kamili ina karata 78: karata ndogo 56, ambazo zimegawanyika katika makundi manne kama karata za kawaida za kuchezea, na karata kuu 22, ambazo kila moja ina jina na mchoro wake. Nilianza na hizo 22. Nilijiandikia orodha: Mpumbavu ni mwanzo mpya, Mtawa ni upweke, Mnara ni maangamizi, Nyota ni matumaini, Jua ni furaha. Nilikuwa na kumbukumbu nzuri, na baada ya wiki chache ungeweza kunionyesha karata yoyote kati ya hizo nami nikakutajia maana yake kabla hujaiweka mezani. Watu walistaajabu. Nilipenda walivyostaajabu, na kwa kweli nilijihesabu kuwa msomaji wa karata, ilhali nilikuwa msomaji wa orodha.

Rafiki yangu wa karibu alinijia akiwa katika kipindi cha kusubiri. Alikuwa ameitwa kwenye usaili wa kazi aliyoitamani kwa muda mrefu, alikuwa amejibu maswali vizuri, na barua ya majibu ilikuwa haijafika. Kazi aliyokuwa nayo ilimchosha mno. Nilimtandazia karata tatu: Gurudumu la Bahati, kisha Mnara, kisha Nyota. Nilifurahi hata kabla ya kufungua kinywa, kwa maana kwenye orodha yangu karata hizo zilipangika kama hadithi iliyokwisha kuandikwa. Nilimwambia kuwa gurudumu limeanza kuzunguka, kwamba Mnara ni ile kazi ya zamani inayoporomoka, na kwamba Nyota ni kazi mpya ambayo tayari ni yake. Sikusema "huenda." Nilisema "ni yako." Siku chache baadaye aliandika barua ya kuacha kazi, na alipokwisha kuikabidhi ndipo majibu ya usaili yalipofika: hakuchaguliwa.

Sitasimulia miezi iliyofuata, ambayo kwake ilikuwa mizito na kwangu ilikuwa ya aibu. Hakunigombeza hata mara moja. Siku ya mwisho tuliyokaa pamoja aliniambia maneno matatu tu, "Wewe ndiye uliyesema," akanyamaza, na tangu hapo hatujazungumza. Nimewahi kuwasikia wasomaji wa karata wakionya kwamba Kifo, Shetani na Mnara ndizo karata za kuogopwa. Mimi nilimuumiza mtu kwa karata nzuri kuliko zote.

Baada ya hayo niliiweka Nyota mezani, nikaitazama kwa jioni kadhaa mfululizo bila kufungua orodha. Karata ninazotumia ni zile zilizochapishwa London mwaka 1909 na kampuni ya William Rider & Son, ambazo Arthur Edward Waite ndiye aliyezipanga na Pamela Colman Smith ndiye aliyezichora. Katika mchoro huo yuko mwanamke aliye uchi, amepiga goti moja ardhini, na mguu wake wa pili umekanyaga maji. Ana mitungi miwili. Mmoja anamimina majini, mwingine anamimina ardhini. Juu yake kuna nyota moja kubwa na nyingine ndogo saba, zote za ncha nane, na nyuma yake kuna ndege aliyetua juu ya mti. Basi. Hakuna nyumba katika mchoro ule. Hakuna nguo, hakuna mlango unaofunguka, hakuna mjumbe ajaye na barua mkononi. Isitoshe, karata hiyo ni ya 17, na iliyotangulia, ya 16, ni Mnara, ambamo radi imeung'oa ukingo wenye umbo la taji na watu wawili wanaporomoka kuelekea chini. Mwanamke wa Nyota ni mtu aliyekwisha kuanguka. Matumaini yake ni ya mtu ambaye hana tena cha kuvuliwa, na bado anamimina kile kidogo alicho nacho, nusu ardhini na nusu majini.

Kama ningeutazama mchoro siku ile, ningemwuliza rafiki yangu swali badala ya kumpa ahadi. Ningemwambia: karata hizi zinaonyesha anguko, na baada ya anguko zinaonyesha mtu aliyebaki mtupu lakini mtulivu, je, ukiacha kazi leo na jibu likawa hapana, unazo nguvu za kuwa mwanamke huyu? Yeye ndiye aliyekuwa na jibu. Huenda angesubiri wiki mbili. Huenda asingesubiri, lakini angeamua akiwa macho.

Ndiyo maana ushauri wangu wa kwanza ni huu: utazame mchoro kabla ya kusoma maana. Chukua karata moja kila siku, chukua daftari, na uandike unachokiona kwa majina ya vitu tu, bila sifa na bila tafsiri: mbwa, genge, ua jeupe, furushi kwenye fimbo. Ukiandika "mbwa mwaminifu" tayari umeanza kukisia, kwa sababu kwenye karata ya Mpumbavu hakuna anayejua kama yule mbwa mdogo anamwonya bwana wake aliyefika ukingoni mwa genge au anaruka naye kwa furaha. Swali hilo lina thamani kubwa kuliko majibu yake yote mawili, na mtu anayeliacha wazi humsaidia aliyeketi mbele yake kuliko anayelifunga.

Ushauri wa pili ni kuijua historia ya karata zako, kwa maana itakuondolea hofu na majivuno kwa pamoja. Nilipoanza niliamini, kama nilivyoambiwa, kwamba taroti ni hekima ya siri ya makuhani wa Misri ya kale. Sivyo. Karata hizi zilianza kaskazini mwa Italia katika karne ya 15, nazo zilikuwa mchezo. Baadhi ya zile za kale zaidi zilizosalia zilichorwa kwa mkono na kupambwa kwa dhahabu kwa ajili ya familia zilizotawala Milano, Visconti na Sforza. Karata zenye michoro ya pekee ziliitwa trionfi, yaani ushindi, kwa sababu zilizishinda nyingine mezani. Nasi wasemaji wa Kiswahili tunalo neno la ukoo huohuo, turufu, lililotufikia kupitia Kireno. Kila ninapolikumbuka hilo hutulia, kwa kuwa karata iliyomnyima msomaji wangu usingizi ilizaliwa ikiwa turufu.

Hadithi ya Misri ilienezwa mwaka 1781 na Mfaransa Antoine Court de Gébelin, wakati ambapo hakuna aliyeweza kuyasoma maandishi ya kale ya Misri. Jean-François Champollion alitangaza ufumbuzi wake mwaka 1822, zaidi ya miaka 40 baadaye. Mfaransa mwingine, Jean-Baptiste Alliette, aliyejiita Etteilla kwa kuligeuza jina lake, alikuwa miongoni mwa watu wa kwanza kuchapisha mafunzo ya kupiga ramli kwa taroti. Katika karne ya 19 Éliphas Lévi, mwandishi Mfaransa wa mambo ya siri, akazioanisha karata kuu 22 na herufi 22 za Kiebrania. Kila kizazi kiliongeza tabaka lake. Ninalitaja hili si kwa kuwadharau watu hao, bali kwa sababu linamweka huru mwanafunzi: maana za karata ziliwekwa na watu, watu wengine wakazibadili, na orodha uliyokariri haikushuka kutoka mbinguni.

Ushahidi umo ndani ya karata zenyewe. Katika taroti ya Marseille, seti ya Kifaransa ya zamani kuliko ya Waite, Haki ni ya 8 na Nguvu ni ya 11. Waite alizibadilishana nafasi. Karata ya Wapenzi ya Marseille ina kijana aliyesimama kati ya wanawake wawili, na juu yao mtoto mwenye mabawa amevuta upinde, hivyo mtu huona pale suala la kuchagua. Ya Smith ina mwanamume na mwanamke walio uchi chini ya malaika, kila mmoja na mti nyuma yake, na mtu huona muungano, au bustani kabla ya kosa. Mtawa, ambaye sasa hushika taa, katika karata za Visconti na Sforza ni mzee aliyeshika saa ya mchanga, na yule hazungumzii upweke hata kidogo, anazungumzia muda. Anayechukua maana iliyoandikwa kwa seti moja na kuibandika kwenye seti nyingine ni kama anayesoma barua ya jirani akidhani ameandikiwa yeye.

Karata iliyonifundisha hili kwa nguvu zaidi ni ya 12, Aliyening'inizwa. Orodha yangu ilisema "kujitoa mhanga," nami niliwaambia watu wavumilie, wajinyime, wasubiri. Nadhani niliwaambia hivyo hata wengine ambao walikuwa wamekwisha kujinyima kupita kiasi. Baadaye nikajifunza kwamba Waitalia wa zamani waliiita karata hiyo Msaliti, na kwamba katika miji yao wasaliti na wadaiwa walichorwa ukutani hadharani, mara nyingi wakiwa wamening'inizwa kwa mguu, ili jamii iwatambue na kuwaaibisha. Karata ileile ilianza ikiwa picha ya fedheha. Smith alipoichora aliuacha mguu umefungwa, lakini akakizungushia kichwa duara la nuru, akautuliza uso, na mti wenyewe akauchipuza majani. Nikimwona leo, humwuliza aliyeketi nami kama kule kuning'inia kwake ni jambo alilolichagua au ni adhabu aliyopewa na watu. Nimeona machozi yakitoka kwa swali hilo moja.

Hapa naomba niseme neno kuhusu Smith, kwa sababu linaniuma. Kwa miongo mingi karata hizi zilitajwa kwa jina la mchapishaji na la Waite, huku jina la aliyezichora likiachwa. Mwaka uleule wa 1909 alimwandikia Alfred Stieglitz, mpiga picha wa Marekani, kwamba amemaliza kazi kubwa kwa malipo madogo sana. Alifariki mwaka 1951 huko Bude, Cornwall, akiwa maskini. Lakini alama ya herufi za jina lake ameiacha kwenye michoro, ndogo, imejificha pembeni, na ninawahimiza wanaoanza waitafute kwenye kila karata kabla ya kutafuta kitu kingine. Jicho linaloitafuta alama hiyo hulazimika kupita kila pembe ya mchoro.

Narudi kwa msomaji wangu na Kifo. Ni karata ya 13, na katika seti nyingi za Marseille haiandikwi jina kabisa, inabeba nambari peke yake. Katika mchoro wa Smith, kiunzi cha mifupa kimevaa deraya nyeusi, kimepanda farasi mweupe, na mkononi kina bendera nyeusi yenye ua jeupe. Wengi huishia hapo. Endelea kushuka na macho. Chini ya farasi amelala mfalme, taji limemdondoka. Mbele yake amesimama askofu amekutanisha mikono. Msichana amepiga magoti na kugeuzia uso pembeni. Kando yake yuko mtoto mdogo, naye amemwelekea farasi moja kwa moja, ameshika maua. Ni watu wanne mbele ya jambo moja lisilozuilika: mmoja alipinga akaanguka, mmoja anaomba, mmoja hawezi kutazama, na mmoja anatazama kwa sababu hakuna aliyemfundisha kuogopa. Kwa mbali kuna jua kati ya minara miwili, na mchoro wenyewe hausemi kama linachomoza au linatua.

Nilimwandikia kwamba asiniulize nani atakufa. Ajiulize yeye ni nani kati ya wale wanne. Nilimwambia pia aziweke karata nyingine kando ya hiyo, na huu ndio ushauri wangu wa tatu, ingawa kwa hakika ni ule wa kwanza uliopanuliwa: zitazame karata zikiwa pamoja, kwa kuwa michoro yake huzungumza yenyewe kwa yenyewe. Farasi mweupe wa Kifo anarudi kwenye Jua, safari hii amebeba mtoto aliye uchi, bila tandiko wala hatamu. Ile minara miwili ya mbali inasogea karibu kwenye karata ya Mwezi. Inayofuata baada ya Kifo ni Kiasi, malaika mwenye mguu mmoja majini na mmoja nchi kavu, anayehamisha kinywaji kutoka kikombe hadi kikombe, na mara tu unapokumbuka mwanamke wa Nyota alivyopiga goti, utaona kwamba wawili hao wanafanya kazi zinazofanana. Viumbe wanne wa pembeni, mtu, tai, simba na fahali, wanasoma vitabu kwenye Gurudumu la Bahati. Kwenye Dunia, karata ya mwisho, vitabu havipo tena. Kuhusu Malkia, Kaizari na Kuhani Mkuu sitakaa sana, kwa kuwa viti vyao vya enzi vinajieleza. Kuhusu karata inayotoka kichwa chini miguu juu, mimi huigeuza ikae sawa na kuendelea.

Jozi ninayoipenda kuliko zote ni Wapenzi na Shetani. Ziweke sambamba: mwanamume na mwanamke walewale, wamesimama vilevile, aliyekuwa malaika juu yao sasa ni kiumbe mwenye pembe, na shingoni mwao kuna minyororo. Mwaka jana nilimsomea mwanamke mmoja ikatoka Shetani, na nilimwona anavyokunja vidole. Zamani ningesema "kifungo, uraibu, tamaa," kwa sauti ya mtu anayejua. Sikumwambia lolote. Nilimsogezea karata nikamwomba aitazame minyororo tu. Alikaa kimya kwa muda mrefu sana, kisha akasema polepole, "Imelegea. Wangeweza kuivua." Hakunieleza kilichomfunga, nami sikumwuliza, lakini baada ya majuma matatu aliniandikia kunishukuru kwa jambo ambalo hakulitaja. Ninajivunia usomaji ule kuliko mwingine wowote niliowahi kuufanya, na ninajivunia hasa kwa sababu maana yote aliitamka yeye.

Kwa hiyo wewe unayetaka kuwasomea wengine, nakusihi: usimtajie mtu tarehe, usimtajie ugonjwa, usimwambie aache kazi wala ndoa kwa sababu ya karata, hata kama zimejipanga mezani kwa uzuri wa namna gani. Usilitumie neno "ni" pale ambapo huna haki ya kulitumia. Aliyekujia na hofu atashika kila unachosema kama mzamaji anavyoshika jani, na aliyekujia na tamaa atakushika kwa nguvu zaidi, kwa sababu unamwambia alichokwisha kutaka kusikia. Huyu wa pili ndiye wa kuhurumiwa zaidi. Mtazame kwanza yeye, kisha utazame mchoro, kisha umwache autazame mwenyewe, na ukihisi kwamba jibu limekujia haraka mno na linapendeza mno, anza upya.

Jana usiku yule msomaji wangu alinijibu. Ameiweka karata chini ya taa akaandika kila kitu alichokiona, kurasa mbili nzima, pamoja na ua la kwenye bendera na mashua ndogo kwenye mto ulio nyuma ya farasi, ambayo wengi huipita bila kuiona. Halafu akaandika kwamba yeye ni yule msichana. Mama yake amelazwa siku kumi na moja, naye hajafika kumtazama hata siku moja kwa kuogopa atakachokikuta, kila mara akitoa udhuru wa kazi. Ujumbe wake ulimalizika kwa kuniambia kwamba amekwisha kupanga nguo za safari, na kwamba karata ameziacha nyumbani.